Kufundisha Kuondoa: Somo la Wakala wa Uangalizi katika Seva ya Chuo

Mwalimu wa kilimo humwonyesha mtoto namna ya kupanda mche, na mwalimu wa ufundi humwonyesha namna ya kupigilia msumari. Ni mara chache sana mmoja wao atenge kipindi kizima kwa ajili ya kung'oa kisiki au kuchomoa msumari bila kuupasua ubao. Katika somo la kompyuta hali ni hiyo hiyo. Wanachuo wetu hutumia juma zima wakijifunza kuweka programu, na kazi ya kuiondoa hupewa dakika tano za mwisho, kengele ikikaribia kulia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dakika hizo hazitoshi. Tutafanya hivyo kwa kuifuata kazi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni kumwondoa wakala wa uangalizi katika seva.

Twatambua kwamba msomaji wetu anajiandaa kufundisha shule ya msingi, na huenda akauliza: mtoto wa darasa la tano na seva wapi na wapi? Majibu yetu ni mawili. La kwanza ni kwamba katika shule yenye kompyuta chache na isiyo na fundi, mwalimu kijana ndiye anayekabidhiwa ufunguo wa kabati lenye mitambo hiyo, apende asipende. Waliosoma andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea watakumbuka kwamba shule ilitakiwa kuwa na shamba au karakana yake na kuitunza yenyewe. Sisi seva iliyomo kabatini tunaihesabu kuwa shamba. Jibu la pili ni kwamba mtoto hatafundishwa seva. Atafundishwa umbo la kazi yenyewe, na mbele kidogo tutaeleza mchezo unaoweza kulionyesha umbo hilo kwa ndoo ya maji na kikombe.

Wakala ni nani

Seva ni kompyuta inayowahudumia wengine. Hutunza alama, barua na mafaili ya watu wengi, na aghalabu haina mtu anayeketi mbele yake. Kwa sababu hiyo ikianza kuugua hakuna anayeiona. Ndipo huwekwa ndani yake programu ndogo inayopima mambo machache kila baada ya muda: nafasi iliyosalia kwenye diski, kumbukumbu iliyotumika, mzigo wa kazi, na kadhalika. Programu hiyo huitwa wakala, kwa kuwa haiamui neno. Hupima tu na kupeleka habari kwenye kituo kikuu, yaani kompyuta nyingine inayolinganisha vipimo na viwango vilivyowekwa, kisha hutoa onyo.

Mfano tutakaoutumia ni wakala wa Zabbix, kwa sababu ni programu huria isiyouzwa na kwa hiyo chuo chochote chaweza kuipata. Aliyeianzisha ni Alexei Vladishev, mwaka 1998, ikiwa kazi ya ndani ya benki alimokuwa ameajiriwa. Iliachiwa umma mwaka 2001, na mwaka 2005 ikaundwa kampuni ya kuisimamia mjini Riga, nchini Latvia.

Wakala huyu hufanya kazi kwa njia mbili, na mwanachuo asipozitofautisha mapema atakwama baadaye. Kwa njia ya kwanza kituo kikuu ndicho kinachopiga hodi: huja kwenye mlango namba 10050 wa seva, huuliza, naye wakala hujibu. Kwa njia ya pili wakala mwenyewe ndiye anayekwenda kwenye mlango namba 10051 wa kituo, akachukua orodha ya anayotakiwa kupima, kisha akarudi mara kwa mara kukabidhi vipimo. Wakala wa kwanza hungoja kuitwa. Wa pili haitwi, huja mwenyewe.

Somo tulilolifundisha vibaya

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja tulimokuwa tukifundisha, tulitoa somo la kuondoa programu lililopendeza sana. Wanachuo walinakili amri nne ubaoni, kila mmoja akazitekeleza kwenye kompyuta ya mazoezi, na mwisho wa kipindi hapakuwa na aliyekosea. Tulijipa alama za juu katika kitabu cha maandalio.

Majuma machache baadaye mmoja wa wanachuo hao, kijana mwenye bidii, aliachiwa zamu ya kuangalia seva ya chuo. Kila usiku wakala alikuwa akisababisha onyo kwamba diski inakaribia kujaa. Katika mpango wa kawaida wa Zabbix onyo la kwanza juu ya diski huhesabiwa tangu asilimia 80 ya nafasi iliyotumika, na onyo kali tangu asilimia 90. Makelele yalimchosha kijana, yakawachosha na wakubwa wake, mmoja wao akasema, "Kiondoe hicho kidude." Kijana akafanya sawasawa kama tulivyomfundisha. Akamfuta wakala kwenye seva, akaifuta na seva kwenye orodha ya kituo kikuu. Makelele yakakoma, naye akapongezwa.

Diski iliendelea kujaa kimya kimya. Ilijaa kabisa katika juma lile lile ambalo wakufunzi walikuwa wakiingiza alama za mazoezi ya kufundisha. Hifadhidata ilikataa kupokea hata tarakimu moja, na baadhi ya alama zilizokwisha kuingizwa hazikuonekana tena. Ikabidi madaftari ya ukaguzi yatafutwe, mengine vijijini yalikobaki na walimu wa shule za mazoezi, na alama zikaandikwa upya kwa mkono. Wako wanachuo waliokaa siku nyingi bila kujua kama wamefaulu au la.

Wengi walimlaumu kijana. Sisi hatukuweza kumlaumu, maana alitekeleza somo letu neno kwa neno. Tulimfundisha namna ya kuondoa bila kumfundisha kuuliza kinachoondolewa kilikuwa kikifanya kazi gani, na ni nani atakayeishika kazi hiyo kesho yake. Tangu siku hiyo tumelipanga somo upya, na mpangilio huo ndio tunaoueleza hapa chini.

Kuanza na maswali, siyo amri

Kipindi cha kwanza hakina kompyuta. Tunawapa wanachuo nakala ya faili la mipangilio la wakala, ambalo katika Debian na Ubuntu hukaa mahali hapa:

/etc/zabbix/zabbix_agentd.conf

Tunawaambia walisome kama wanavyosoma barua ya mtu anayehama. Mstari unaoanza na neno Server huonyesha ni kituo gani kinachoruhusiwa kumuuliza wakala. Mstari wa ServerActive huonyesha anakokwenda mwenyewe. Hostname ni jina analojulikana kwalo huko. Mistari inayozidi yote kwa thamani ni ile ya UserParameter, endapo ipo. Hivyo ni vipimo vilivyoongezwa na mtu wa hapo hapo kwa haja ya hapo hapo; mathalani kuangalia kama nakala ya akiba ya alama ilitengenezwa usiku uliopita. Huenda aliyeiandika amekwisha kuhamishwa na hakuna tena anayekumbuka. Mwanachuo akifuta faili hili kabla ya kulisoma, amefuta ushahidi pekee wa kazi aliyokuwa akiifanya wakala. Kwa hiyo tunadai nakala yake itunzwe nje ya seva kabla ya amri yoyote kutolewa.

Baada ya kusoma, wanachuo hujibu kwa maandishi maswali matatu: Wakala huyu alikuwa akipima nini? Ni nani aliyekuwa akipokea habari zake? Kwa nini anaondolewa? Sababu nzuri zipo nyingi. Pengine chuo kimepata programu nyingine ya uangalizi, na mawakala wawili wanapima jambo lile lile. Pengine seva yenyewe inastaafishwa. Lakini jibu likiwa "anapiga kelele", mwanachuo hurudishwa akatafute kwanza kama kelele hizo ni za kweli. Onyo linalosumbua laweza kupunguzwa au kubadilishiwa kiwango kwenye kituo kikuu, bila kumgusa wakala.

Mpangilio wa kazi

Kipindi cha pili hufanyika kwenye kompyuta, nasi husisitiza kwamba iwe kuukuu isiyo na kitu cha thamani. Hapa tutakaa zaidi juu ya utaratibu wa kutangulia na kufuata, kwa kuwa ndio unaowashinda wengi.

Kazi huanzia kwenye kituo kikuu. Seva inayohusika husimamishwa kwanza katika orodha ya kituo, lakini haifutwi. Wakala wa njia ya kwanza akizimwa ilhali kituo kingali kinamtarajia, baada ya muda mfupi, ambao katika kiolezo cha kawaida ni dakika 3, kituo hutangaza kwamba wakala hapatikani, na mtu huamshwa usiku bila sababu. Kwa nini basi tusiifute mara moja? Kwanza, ukiifuta seva katika orodha unafuta pia historia ya vipimo vyake vyote, ambayo huenda ikahitajika. Pili, hapa ndipo ile tofauti ya njia mbili inapotokea tena. Baadhi ya vituo vimepangwa kumwandikisha wenyewe kila wakala mgeni anayekuja kujitambulisha. Ukiifuta seva katika orodha wakati wakala wake wa njia ya pili angali hai, atakuja tena kituoni kama ilivyo desturi yake, naye ataandikishwa upya kama mgeni. Tumewaona wanachuo wakifuta jina lile lile mara tatu, wakidhani kompyuta imerogwa.

Kituo kikiisha kuarifiwa, ndipo tunakwenda kwenye seva yenyewe na kutoa amri mbili:

sudo systemctl stop zabbix-agent
sudo systemctl disable zabbix-agent

Ya kwanza humsimamisha wakala sasa hivi. Ya pili humzuia asiamke tena seva itakapowashwa. Mwanachuo anayetoa ya kwanza peke yake atajikuta na wakala mzima siku umeme utakapokatika na kurudi, jambo ambalo kwetu halihitaji kungojwa sana. Kama seva inatumia wakala wa kizazi cha pili, jina lake katika amri huwa zabbix-agent2. Ni vema kulihakikisha kwanza, maana amri iliyotolewa kwa jina lisilo lake haimwondoi mtu.

Kisha huja kuondoa kwenyewe. Hapa zipo amri mbili zinazofanana kwa sura:

sudo apt remove zabbix-agent
sudo apt purge zabbix-agent

Badala ya kueleza tofauti, tunaligawa darasa mafungu mawili, kila fungu likatoa amri yake, kisha wote wakaangalia kwa amri hii:

dpkg -l | grep zabbix

Waliotumia remove wataona mstari wa wakala ungalipo, umetanguliwa na herufi rc. Ya kwanza yasema kwamba programu ilitakiwa iondolewe. Ya pili yasema kwamba mafaili yake ya mipangilio yangalipo. Waliotumia purge hawataona mstari huo. Mjadala unaofuata ni mzuri kuliko maelezo yoyote ya mwalimu, maana fungu la kwanza hujitetea kwamba halikukosea, na kwa kweli halikukosea. Mtu anayetarajia kumrudisha wakala mwezi ujao angefanya vizuri kuiacha mipangilio. Kosa ni kutojua kwamba umeiacha.

Daima hutokea mwanachuo anayeuliza kwa nini asiende tu akalifuta faili la wakala kwa amri ya rm na kumaliza. Swali hili tusilikemee, tumwache ajaribu. Akilifuta wakala akiwa hajasimamishwa, ataona ajabu: faili halipo, lakini wakala angali anajibu mlangoni. Katika Linux programu iliyokwisha kuanza huendelea kukishika kilichomo ndani ya faili lake hata jina la faili hilo likifutwa, hadi programu yenyewe isimame. Isitoshe, daftari la mfumo lingali linaamini kwamba wakala yupo, na siku ya kusasisha programu laweza kumrudisha. Jaribio hili moja huwaonyesha wanachuo kwamba kufuta na kuondoa ni mambo mawili.

Yanayobaki nyuma

Purge nayo haimalizi kila kitu. Huondoa mafaili yaliyoletwa na wakala. Yale yaliyowekwa na mkono wa mtu huyaacha. La hatari zaidi miongoni mwa hayo ni faili la ufunguo wa siri, ambalo wasimamizi wengi huliweka ndani ya folda ya /etc/zabbix ili mazungumzo ya wakala na kituo yasisikilizwe na wengine. Ufunguo huo ukitumika pia kwa seva nyingine, kuuacha ni kama kuhama nyumba na kuning'iniza mlangoni funguo za majirani.

Lipo pia suala la madaraka. Ili wakala aweze kupima mambo fulani, pengine msimamizi alimpa ruhusa za juu kwa kuandika faili ndani ya /etc/sudoers.d. Wakala ameondoka, lakini akaunti iliyoitwa zabbix huenda ingalipo, na ruhusa zake zingalipo. Akaunti huangaliwa hivi:

getent passwd zabbix

Tunatahadharisha kwamba akaunti isifutwe kwa pupa. Ikiwa kituo kikuu chenyewe kimo katika kompyuta hiyo hiyo, nacho huitumia. Ruhusa za ziada ziondolewe. Akaunti ichunguzwe kwanza.

Mwisho ni mlango. Kama programu inayolinda milango ya seva, ambayo watu huiita ukuta wa moto, iliagizwa kuuacha wazi mlango 10050, agizo hilo halijiondoi lenyewe. Penye ufw hutanguliwa amri hii:

sudo ufw delete allow 10050/tcp

kisha ss -tln, kuhakikisha kwamba hakuna tena anayesikiliza mlangoni hapo. Ndipo tunarudi kwenye kituo kikuu na kuamua kama seva ifutwe katika orodha au iachwe imesimamishwa hadi ripoti za muhula zitolewe.

Mchezo wa kiranja na ndoo

Sasa turudi kwa mtoto. Mchezo huu huchukua kipindi kimoja cha dakika 40 na hauhitaji umeme. Mwalimu huweka ndoo ya maji mbele ya darasa. Mtoto mmoja ni kiranja wa ndoo. Kazi yake ni kuchungulia na kusema kama maji ni mengi, nusu au kidogo. Mtoto wa pili huketi nyuma ya darasa, ameipa ndoo mgongo, na kila mwalimu anapopiga makofi humuuliza kiranja na kuandika jibu katika daftari. Wa tatu huteka kikombe kimoja kila mara, akakimimina katika ndoo nyingine iliyofunikwa.

Mara ya kwanza mwalimu humnong'oneza kiranja aende akaketi. Makofi yakipigwa, mwenye daftari huuliza asijibiwe. Hapo mwalimu husimamisha mchezo na kuwauliza watoto: kimya hiki kina maana gani? Maji yamekwisha, au kiranja ameondoka? Watoto hubishana sana, na wabishane, kwa sababu kutoka nyuma ya darasa hakuna awezaye kujua.

Mara ya pili kiranja anaondoka kwa kuaga, na jina lake linafutwa katika daftari. Sasa hakuna fujo yoyote. Mwenye daftari haulizi tena, na mteka maji anaendelea kuteka hadi kikombe kinapogonga chini ya ndoo tupu. Tumeona darasa zima likicheka kwa sauti hiyo, kisha likanyamaza. Mwalimu asiharakishe kusema neno hapo.

Mara ya tatu kiranja huaga, na mwenzake huteuliwa kushika nafasi yake, lakini mwalimu alikuwa amemtilia wa kwanza ufunguo wa stoo mfukoni. Baada ya dakika chache mwalimu huuliza ufunguo uko wapi. Mtoto wa darasa la tano huelewa jambo hili upesi kuliko mwanachuo, labda kwa sababu viranja wa kweli anawafahamu.

Kutahini

Kwa wanachuo, hatuulizi tena "andika amri za kumwondoa wakala." Tunatayarisha kompyuta ambamo sisi wenyewe tumemwondoa wakala vibaya, tukaacha masalio: mipangilio, mlango ulio wazi, ruhusa za ziada, ufunguo wa siri, na seva ingali katika orodha ya kituo. Mwanachuo huyatafuta na kuyaeleza. Wengi huuona mlango na mipangilio. Wachache huziona ruhusa, kwa hiyo sehemu hiyo hupewa alama nyingi zaidi.

Karatasi hiyo ina swali moja la mwisho lisilojibiwa kwa kompyuta. Mwanachuo anatakiwa amtaje mtu atakayeiangalia diski ya seva kuanzia kesho asubuhi, aeleze ataiangalia kwa njia gani, kisha amfuate mtu huyo popote alipo chuoni na kupata sahihi yake kwenye mstari ulioachwa chini ya ukurasa.